Kuifunika Nyumba Miguu

Mimi sina subira na majani ya jirani yanayopeperukia kwangu, lakini ya kwa Kabera niliyavumilia kwa ajili ya mzee. Mzee Mutware, baba yake Kabera, alikuja hapa Buffalo akitokea Louisville, alikokuwa akiishi kwa binti yake katika nyumba za kupanga za Highview. Huko hakuwa na kazi yoyote. Majani yalipulizwa na vijana wenye mashine mgongoni, naye akabaki kuwatazama dirishani mpaka magoti yakakakamaa. Kabera aliponunua nyumba ya mbao mtaani kwetu, Lower West Side, nyumba kuukuu inayolia upepo ukivuma, mzee akapata ua, mti mkubwa na reki. Alirudia ujana, nawaambia.

Vuli nzima hakukaa kitako. Alisafisha mifereji ya paa, akakunja mpira wa maji, akagongomelea nailoni madirishani. Majani hakuyatia kwenye mifuko ya kuwekwa barabarani kama watu wengine. Aliyarundika kuizunguka nyumba, yamebanana ukutani mpaka usawa wa goti, kama alivyokuwa akirundika nyasi kwenye kibanda cha ndama kule kwao milimani, Itombwe.

"Nyumba inaanzaka kusikia baridi ku miguu," aliniambia. "Ukiifunika miguu, inalala muzuri."

Shida ilikuwa bomba. Upande wa ua wangu, chini kabisa ya ukuta, kuna bomba jeupe la kutolea moshi wa mashine ya kupasha nyumba joto. Fundi aliyekuja kuikagua ile mashine alimwonyesha Vestine, mke wa Kabera, akamwambia lisizibwe hata siku moja, kwa maana moshi wake hauna harufu na unaua. Mzee naye alipopitisha mkono hapo akasikia pumzi ya moto inatoka. Kwake huo ulikuwa upotevu mtupu. Akalishindilia majani kuliko mahali pengine pote.

"Si umwambie?" nilimuuliza Vestine.

"Mama Zita, naanzia wapi? Ule ni papa ya bwana yangu."

Kwa watu wao wa milimani mkaza mwana hambishii baba mkwe. Hamkatazi, hamrekebishi. Akiwa na neno, analipitisha kwa mume. Mimi ni mtu wa Bukavu, kwetu mdomo hauna likizo, na adabu za namna hiyo zinanipandisha presha. Vestine alilipitisha neno kwa mume. Kabera akajibu, "Bon, nitamuambia," akaenda zake kazini kwenye ghala. Kesho yake akajibu vilevile. Alimwona baba yake akicheka peke yake uani, akakosa moyo wa kumkatiza.

Nikaenda mwenyewe kumwambia mzee. Alinisikiliza kwa heshima zote, halafu akatabasamu.

"Mama, we ulishachunga ndama mu baridi ya Itombwe?"

"Hapana, muzee."

"Donc, niachie nyumba yangu. Joto ya bajukuu bangu inapotelea inje bure, mi naangalia tu?"

Basi Vestine akabuni njia yake. Kila jioni, mzee akiingia kujipasha moto kwa chai, yeye na mimba yake iliyokwisha kushuka alipiga magoti kwenye baridi, akachokoa majani mpaka bomba likapumua. Kila asubuhi mzee alikuta pamebomoka, akawalaani kindi wa mtaa mzima, akapashindilia upya. Siku moja akaweka ubao, akaugandamiza kwa jiwe. Vestine akaliondoa na hilo jiwe. Hawakusemezana hata neno moja juu ya jambo hilo. Nilikuwa nikiwaona kutoka jikoni kwangu, na Mungu anisamehe, siku nyingine nilicheka.

Kile king'ora kidogo cha darini, kinachowaonya watu juu ya moshi huo, kilikuwa kwenye droo. Betri yake ilikuwa imekwisha, kikawa kinalialia, Kabera akakibandua.

Uchungu ulimshika Vestine asubuhi, mzee akiwa ametoka tu kushindilia majani yake. Mimi nilikuwa kazini, nawalea wazee wa watu, kwa hiyo hili alinisimulia mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa gari, ameshika kiuno, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Toa ile majani ku bomba kwanza."

Mzee alikuwa kizingitini, mikono ameinua, anawabariki. Kabera angeinamaje kuibomoa kazi ya baba yake mbele ya macho yake?

"Tukirudi," akasema.

Mchana theluji iletwayo na upepo wa ziwani ikaanza kumwagika, haikukoma mpaka kesho yake. Mtoto akazaliwa salama, wa kiume. Kabera akarudi nyumbani na picha kwenye simu, anamwita baba yake tangu mlangoni. Alimkuta kitini, koti mwilini, amekwisha kata roho, midomo myekundu kama ya mtu mwenye afya. Watu wa zimamoto walifukua theluji, wakakuta majani yamelowa na kushikana kama samadi iliyokandikwa ukutani. Niliposikia nilikaa chini palepale penye theluji. Nilimpenda yule mzee, na nilimkasirikia, na nimemkasirikia hadi leo.

Watu wa Louisville wakaja kwa magari matatu. Kutoka Columbus akaja Ndahiro, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Sebule ikajaa. Ndahiro akasimama, akamsifu kaka yake, kisha akamgeukia Vestine aliyekuwa akinyonyesha.

"Huyu binti aliheshimu kaka yangu mpaka mwisho. Hakumuinuliaka sauti hata siku moja. Mungu akulipe, mwanangu."

Watu wakaitikia amina. Kabera alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na mutoto," Ndahiro akaendelea, "kaka yangu ndiye angemupa jina. Sasa tumupe jina yake, Mutware. Muzee arudi mu nyumba."

Amina nyingine ikawa inapanda. Vestine akamtoa mtoto titini, akajifunika.

"Hapana, papa," akasema.

Ndahiro aliinamisha kichwa kana kwamba masikio yamemdanganya.

"Mutoto mwenye jina ya papa mukwe, mi sitaweza kumukemea," Vestine akasema, na sauti yake ilikuwa wazi mpaka kwa waliosimama kwenye ngazi. "Nilimupoteza muzee juu ya kunyamaza. Huyu, siku atashika kitu ya kumuua, nataka nimupigie kelele."