Hanga la Boksi

Ufundi wa ndege niliusomea miezi sita tu, kisha chuo kikanirudisha kwa kufeli hesabu mara mbili. Nikapanda basi kutoka Dar es Salaam na begi moja na ndege moja ya plastiki, mfano mdogo tuliogawiwa darasani tujifunze majina ya sehemu zake. Nilikuwa narudi kwa baba, kijijini, nje kidogo ya Tinde. Kondakta aliita "Tinde!" mara mbili. Mimi nikatazama dirishani kama mtu asiyejua hata jina hilo, na basi likaondoka nami hadi Masumbwe.

Masumbwe yuko Sesilia, niliyesoma naye sekondari, ana studio ya picha za pasipoti. Wateja wake wengi ni wachimbaji wa dhahabu. Nilimwambia nitakaa wiki moja. Sasa ni mwaka wa pili, nalala chumba cha nyuma ya studio, na nimechoka kuliko punda wa maji.

Ukweli ningeusema, naapa. Lakini siku ya tatu baba alipiga simu. Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Baba, Mzee Mabula, alinilea mwenyewe, kati ya ng'ombe na jembe, na kila aliyemshauri anioze alimwambia Klara anasoma.

"Ng'wanone," akasema kwa Kisukuma chake cha mapenzi, mwanangu, "watu hapa wanataka kukuona na ndege. Tuma picha."

"Kesho, baba," nikajibu. Neno hilo moja ndilo lililonifunga.

Ndege ninayo, nikajiambia, nyumba yake nitaijenga. Banda la ndege wenyewe huliita hanga. Kuta nilikata kwenye boksi la televisheni. Kwa paa nilichukua maboksi ya biskuti, nikayalowesha na kuyachuna karatasi ya juu mpaka mawimbi ya ndani yakaonekana, nikapaka rangi ya fedha. Ukiyatazama ni mabati matupu. Kenchi za kubeba paa ni vijiti vya mishikaki. Sakafu nilimwaga simenti nyembamba juu ya ubao, nikaidondoshea masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia, kama oili iliyovuja. Paa sikuligundisha, ili niweze kulifunua na kupanga vitu ndani.

Nikapiga picha kwa simu, nikatuma. Baba akajibu baada ya dakika tano: wewe uko wapi?

Basi nikabomoa. Nilitoa ukuta wote wa nyuma, mimi na Sesilia tukabeba hanga hadi uwanja wa mpira, tukaliweka juu ya meza. Ndege yangu ni ndogo mara sabini na mbili kuliko ndege yenyewe. Kwa hiyo simu ikikaa nusu mita kutoka kwenye ndege, mimi nisimame mita thelathini na sita, nionekane kwa mbali kupitia mlango kana kwamba niko ndani. Hesabu hiyo niliifanya kichwani, nikapatia mara ya kwanza. Nilitamani kwenda kumpigia kelele mtu fulani pale chuoni.

"Rudi nyuma!" Sesilia alipaza sauti. "Klara, umesimama juu ya injini! Kushoto! Hapo hapo, usipumue!"

Picha ilitoka nzuri ajabu. Mimi huyo, ndani ya ovaroli ya bluu, pembeni ya ndege, mtu na kazi yake. Niliipenda, sitaficha, na ningeweza kuitazama siku nzima.

Lakini baba hakushiba. Kila picha ilizaa swali, na kila swali lilinirudisha kwenye gundi. Mbona unafanya kazi peke yako? Nikafinyanga mafundi wawili wa waya na udongo. Mbona giza? Nikatoboa madirisha mawili ukuta wa mbele, moja kila upande wa mlango. Safari moja inzi alitua kwenye bawa na mimi sikumwona mpaka picha ilipokwisha kwenda.

"Hicho cheusi bawani, ukubwa wa ndama, ni nini?" baba akauliza.

"Injini ya akiba, baba."

Mungu anisamehe. Wiki ile ile alizaliwa ndama kweli zizini, na baba akampa jina la Hanga.

Krismasi sikwenda nyumbani. Nilisema niko zamu. Pasaka, zamu. Mjini Shinyanga sikanyagi, maana siku za mnada nusu ya kijiji iko huko. Hata Masumbwe kwenyewe situlii, kwa sababu vijana wa kwetu huja kuchimba. Siku moja asubuhi nilichungulia nikamwona Eliya, jirani yetu kabisa, anaingia studio kupigwa picha ya kitambulisho. Nilijitupa nyuma ya pazia la bluu, lile lile ambalo yeye alikuwa anakuja kukaa mbele yake.

"Huko kwetu yuko binti anatengeneza ndege," Eliya akamwambia Sesilia huku akikaa. "Binti wa mzee Mabula. Tunatembea na picha zake kwenye simu. Hata kwenye duara, shimo letu la dhahabu, tukipanda juu kupumzika, nawaonyesha wenzangu."

"Hongera zenu," Sesilia akasema.

"Na hiki juu ya kabati ni nini? Kibanda cha njiwa?"

"Cha njiwa, ndiyo."

Kati ya mgongo wa Eliya na uso wangu kulikuwa na kitambaa tu. Nilisikia harufu ya vumbi la mawe kwenye shati lake. Nilibana pumzi, machozi yakanitoka, nikaona aibu kuliko siku ile chuo kiliponipa barua ya kunirudisha. Alipoondoka nikamwambia Sesilia kwamba Jumamosi naenda kwa baba kusema kila kitu, anifukuze akitaka.

Jumamosi mchana nilimkuta baba zizini, peke yake, anafunga miti ya ua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone. Umekonda."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Kahama. Yalinitoka yote kwa mpigo: chuo, hesabu, barua, Masumbwe. Nilipofika kwenye picha, baba aliinua mkono ninyamaze. Akafuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akafungua picha moja.

"Tazama. Ncha ya bawa hili naiona dirisha la huku. Ncha ya lile naiona dirisha la kule. Na mlango uko katikati. Nimejenga mazizi tangu sijaoa, Klara, na kitu cha kwanza ni mlango. Hii ndege iliingiaje?"

Sikuwa nimeliona hilo hata siku moja, na picha zilikuwa zimepita mikononi mwangu mara mia.

"Paa linafunuliwa," nikasema.

"Linafunuliwa. La nini?"

"Boksi, baba."

"Boksi." Alitikisa kichwa polepole. "Nimejua tangu mvua za kwanza. Nikangoja uje mwenyewe."

Nililia kwa furaha, ndiyo, kwa furaha. Nilijiona mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikamwambia kesho nitasimama kanisani niwaombe watu wote radhi, kisha nirudi nyumbani tulime.

"Unamkumbuka Dorah wa Nkwabi?" baba akauliza.

Namkumbuka. Nyumba yao inatazamana na yetu.

"Alikuwa aolewe. Ng'ombe kumi na wawili walikwishaingia zizini kwa Nkwabi. Nikamwendea baba yake na picha zako. Alizitazama jioni nzima, na kesho yake akawarudisha ng'ombe wa watu, akampeleka mtoto shule. Mimi nikichekwa si kitu, nimezoea. Lakini ukisimama kesho ukasema ni boksi, ng'ombe wale watarudi kabla ya mavuno."

"Kwa hiyo nisiseme kabisa?"

"Utasema akimaliza kidato cha nne."

"Sasa yuko cha ngapi?"

"Cha kwanza," baba akasema. Alinishika bega, na nikaona kwamba naye hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Na Nkwabi naye anajenga mazizi. Ukirudi huko, panua mlango."

Jumapili mchungaji aliniita mbele. Niliwasalimia waumini, nikasema kazi inaendelea vizuri, wakapiga makofi na vigelegele. Dorah alikuwa benchi la kwanza, amevaa sare ya shule ingawa haikuwa siku ya shule, na hakupepesa macho hata mara moja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Masumbwe, na kisu, nakata mlango.