Saa ya Mzee Dakika na suruali nne

Kiwanda kile cha kushona sare kilikuwa na saa mbili. Moja ilitundikwa ukutani juu ya mlango, na hiyo haikuwa na kauli. Ya pili ilikuwa ya mfukoni, ya fedha, yenye mnyororo na kifuniko, nayo ndiyo iliyokuwa na kauli yote, maana ilikaa kwenye kijimfuko cha kiunoni cha suruali ya mwenye kiwanda. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu. Aliitoa kila baada ya muda mfupi na kuiinua machoni kwa vidole viwili kama mtu anayekagua yai, na ndiyo maana mafundi walimwita Mzee Dakika. Walimwita hivyo akiwa hayupo.

Kila Jumatatu Mzee Dakika aliisahihisha kwa redio. Siku nyingine hakuigusa, kwa kuwa saa ya babu haikosei. Asubuhi msimamizi wake, ambaye mafundi walimpa jina la Ndiyo-Mzee kwa sababu hawakuwahi kumsikia akimjibu mwenye kiwanda kingine, alipanda stuli na kuilinganisha saa ya ukutani na ile ya mfukoni.

Sasa miezi miwili ilikuwa imepita tangu saa ya babu ianze kukimbia. Ilikula robo saa kwa siku. Kazi ilitakiwa kuanza saa mbili, lakini Jumanne ilianza robo saa kabla, Jumatano nusu saa, na ikifika Jumamosi mafundi walitakiwa kuwa kwenye vyerehani wakati watu wengine bado wanatafuta ndara chini ya kitanda. Jioni ingekuwa nafuu, maana saa inayowahi kuingiza watu ingewahi pia kuwatoa. Lakini jioni Mzee Dakika hakutazama saa. Alitazama dirishani.

"Jua bado liko juu," alisema.

"Ndiyo, Mzee," alisema Ndiyo-Mzee.

Hakuna aliyelalamika. Mafundi walijifunza tu kuhesabu. Mama Pindo, mwanamke mnene wa miaka hamsini na minane aliyepinda miguu ya suruali kwenye cherehani ileile kwa miaka kumi na tisa, alihesabu kwa vidole akiwa bado kitandani: leo Alhamisi, toa dakika arobaini na tano. Alikosea mara mbili tu, na mara zote mbili akaandikwa. Sheria ya kiwanda ilikuwa kwamba ukichelewa mara ya tatu unarudisha mkasi na kwenda zako.

Halafu ikaja wiki ambayo Jumatatu yake ilikuwa ya mapumziko. Kiwanda kilifungwa, Mzee Dakika hakuja, redio haikuwashwa, na saa ya babu ikaendelea kukimbia peke yake. Jumanne Mama Pindo alifika saa mbili kasorobo, mwepesi wa moyo, akiwa amehesabu vizuri kabisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo. Chini yake alisimama Ndiyo-Mzee na daftari. Kiwanda kizima kilichelewa siku ile isipokuwa yeye, maana alilala stoo juu ya majora ya kaki ili awe na uhakika.

"Hii ni ya tatu, mama," alisema.

Mama Pindo alikwenda moja kwa moja ofisini, akasimama mbele ya meza, mkasi ukiwa mkononi.

"Mzee, kabla sijauweka huu hapo, nina neno. Saa yako inakimbia."

Mzee Dakika alimtazama kama vile ameambiwa mama yake ana mkia. "Saa hii imeona kifo cha babu yangu. Imeona kifo cha baba yangu."

Mama Pindo alikuwa na jibu la hilo, likamfika hadi kwenye ulimi. Akalimeza.

"Mimi nasema ipimwe tu. Fundi saa akisema nzima, mkasi huo, na kwaheri yangu isiwe na maneno."

"Na akisema mbovu?"

"Unafuta zote tatu."

Mzee Dakika akacheka kwa pua. Alikuwa mtu wa kujiamini, hasa miezi hii miwili, ambayo alikuwa akitembea amenyooka kama amemeza ufagio. Akafungua mnyororo. "Nenda ukaaibike. Nakupa hadi Ijumaa."

Fundi saa alikuwa na kibanda chembamba kati ya muuza vioo na mkarabati wa viatu. Alikuwa mzee mkavu, mwenye lenzi jichoni, na alizungumza na saa kuliko alivyozungumza na watu. Aliifungua ile ya babu, akaitazama, akaguna.

"Ina nini, fundi?" aliuliza Mama Pindo.

"Haina kitu. Nzima kama wewe."

Mama Pindo akanyoosha mkono aichukue saa.

"Ila," alisema fundi, "njoo uchungulie hapa. Unaona springi hii, nyembamba kama unywele, imejizungusha? Mizunguko yake inatakiwa iachane, ipumue. Hii imeshikamana. Springi ikifupika hivyo, gurudumu linakwenda mbiombio." Akatoa kwenye droo dira ndogo ya kuonyesha kaskazini, akaiweka kando ya saa. Sindano ya dira ikageuka yenyewe ikaielekea saa. "Imeshikwa na sumaku. Naweza kuitoa sasa hivi. Lakini ikirudi huko ilikotoka, itashikwa tena. Mwenyewe ana sumaku wapi?"

"Mwenyewe hana hata sumaku ya kuokotea pini. Pini tunaokota sisi."

Alipolitamka neno pini, Mama Pindo akakumbuka jambo. Akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

Miezi miwili iliyopita Mzee Dakika alimletea suruali nne kwa mpigo. Zilegezwe kiuno, kila moja inchi mbili. Mama Pindo alimpima moja akiwa ameivaa, akishangaa moyoni, kwa kuwa mtu mwenyewe hakuwa amenenepa hata kidogo. Halafu pini tatu zilimtoka mkononi, zikaenda zenyewe kumganda Mzee kiunoni kama kupe. Mama Pindo alidhani ni uzee, mikono imeanza kutetemeka. Wiki nzima alijificha asionekane akishika sindano.

Kumbe. Redioni walikuwa wakiutangaza kutwa kucha ule mkanda wa mgongo wenye vipande vya sumaku, unaovaliwa chini ya nguo, unaomnyoosha mtu na kumrudishia ujana. Na kijimfuko cha saa kilikaa juu yake sawasawa.

Alicheka hadi fundi akatoa lenzi jichoni.

"Fundi, itoe hiyo sumaku. Kisha uniandikie kuwa ulipoipokea ilikuwa inakimbia. Usiandike sababu."

"Kwa nini nisiandike?"

"Kwa sababu nataka kurudishiwa kazi, baba. Nikimwambia mwenye kiwanda mbele ya msimamizi wake kwamba amevaa mkanda wa ujana, nitapata haki yangu na kufukuzwa saa hiyohiyo."

Saa ililala siku mbili kwa Mama Pindo, juu ya kabati, kando ya redio. Kila taarifa ya habari aliitazama. Haikuzidi hata nusu dakika. Ijumaa aliipeleka pamoja na karatasi ya fundi.

Mzee Dakika alisoma, akabana midomo, akairudisha saa kiunoni. "Basi imetengenezwa. Tutaona."

"Tuone, Mzee. Hadi kesho asubuhi."

Jumamosi asubuhi redio iliposema saa mbili kamili, saa ya babu ilisema saa mbili na robo. Mzee Dakika aliigeuza, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ndiyo-Mzee alisimama nyuma yake na daftari, hajui aseme ndiyo kwa nani.

"Kwako ilikwendaje?" aliuliza Mzee Dakika, sauti imeshuka.

"Sawasawa na redio, Mzee. Siku mbili."

"Na kwangu siku moja tu imekimbia."

"Siku moja tu. Mimi elimu yangu ndogo, sijui ni nini," alisema Mama Pindo, macho akiyashusha hadi kwenye kiuno cha Mzee na kuyaacha hapo. Yakakaa. "Labda wewe mwenyewe unajua."

Mzee Dakika akajua. Mkono ukaenda kiunoni, ukarudi. Alimtazama Mama Pindo, akamtazama Ndiyo-Mzee, kisha, kwa kuwa alikuwa mwenye kiwanda, akapata jibu.

"Saa hufuata mwendo wa mwenyewe," alisema. "Mimi siku zote nimekuwa mbele ya wakati."

"Ndiyo, Mzee," alisema Ndiyo-Mzee, amefarijika.

"Nilifikiri ni kitu kama hicho," alisema Mama Pindo. "Na sisi hatuna mwendo huo, Mzee. Ungeitundika pale kwenye msumari juu ya cherehani yangu, ingetungoja."

Saa ikatundikwa. Makosa ya kiwanda kizima yakafutwa kwenye daftari, maana Mzee hakutaka maswali. Mkasi ukabaki kwa Mama Pindo.

Baada ya wiki tatu, wakati mafundi wengine wakinawa mikono, Ndiyo-Mzee alikuja taratibu kwenye cherehani ya Mama Pindo akiwa na kifurushi kwapani. Alitembea amenyooka. Akanyoosha mkono uliovaa saa ya kutia funguo.

"Mama, hebu nilinganishie na ile ya msumarini," alisema kwa unyenyekevu wa mtu anayeficha furaha. "Naona yangu imezidi kama dakika tano."

Mama Pindo alipokea kifurushi bila kukifungua, akachukua chaki.

"Inchi mbili?" aliuliza.