Macho ya Mama Mkubwa

Wilhelmina hakuwa mtu mbaya, ndivyo wanavyosema majirani zake wa Buhongwa. Sawa, sibishani na majirani. Nasimulia tu alichofanya.

Riwaya zake za watu wazima zilisifiwa na wengi na kusomwa na wachache. Mhariri wake, Luhaga, akamshauri ajaribu vijana: achukue hadithi ya kale, ya kuhadithiwa jikoni, aiandike upya kwa watoto wa sekondari. Wilhelmina hakuhangaika kutafuta. Alikuwa nayo moja tangu utotoni, aliyohadithiwa na mama mkubwa Teodora kule Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, wakigeuza samaki juu ya moto.

Hadithi yenyewe fupi. Msichana anatumwa ng'ambo ya ziwa kutafuta moto. Anamkuta bibi kizee mwenye macho mabovu, yamejaa tongotongo. Bibi anamwambia, "Sogea mwanangu nikuone. Nioshe macho." Msichana anamwosha bila kukunja uso, na bibi anampa moto na baraka. Kisha anakwenda msichana mwingine, anayacheka macho yale, anarudi mikono mitupu. Basi. Na kila Teodora alipoimaliza, ilikuwa sharti mtoto mmoja anyanyuke, achukue kitambaa na maji ya vuguvugu, amwoshe yeye macho, maana moshi wa kukausha samaki ulikuwa umeyageuza mekundu kabisa. Ni moshi huohuo uliomsomesha Wilhelmina baada ya mama yake kufariki, mpaka chuo kikuu.

Luhaga alisoma rasimu, wakakutana kwenye mgahawa mmoja Mkuyuni, akaagiza chai na kusema hadithi inasinzisha.

"Vijana wanataka mtu wa kumchukia," alisema. "Huyu bibi yako mpole mno. Anagawa moto kama mfadhili."

"Ndivyo hadithi ilivyo."

"Si tulisema unaiandika upya?"

Wilhelmina akarudi nyumbani akamgeuza bibi kuwa mchawi. Akampa na jina, Bibi Makaa. Na hapo, jamani, kazi ikaenda mbio. Akachukua macho mekundu ya Teodora akayatia humo. Akachukua mguu anaouburuta, harufu ya moshi kwenye kitenge, banda la samaki, hata namna anavyopuliza moto huku akiguna. Kwenye sura ya kuosha macho, msichana shujaa anachanganya pilipili kwenye maji. Mwishoni vijana wa kijiji wanalichoma banda bibi akiwa ndani, na jua linachomoza. Luhaga alisema lile jua lilimtoa machozi.

Usiniambie hakujua. Mtu aliyekulia kanda hii ya ziwa anajua bibi kizee mwenye macho mekundu huitwaje mvua ikigoma au mtoto wa watu akifa ghafla. Anajua kuna waliokatwa mapanga kwa kosa la kupikia kuni. Wilhelmina alijua, na jambo hilo lilimkereketa moyoni siku nzima. Kisha akajiambia kwamba hadithi ni hadithi tu, na kwamba isitoshe, mama mkubwa hajui kusoma. Hilo la pili ndilo lililomtuliza.

Kitabu kilipokaribia kutoka, Teodora alipiga simu.

"Umemweka yule bibi?"

"Nimemweka, mama mkubwa."

"Na amepata wa kumwosha macho?"

"Amepata."

Teodora alicheka kwa furaha. Akazunguka sokoni akiwaambia wateja na majirani kwamba mwanawe ameandika kitabu, na kwamba yule bibi wa kitabuni ametoka kwake yeye. Masikini ya Mungu, alijitangaza mwenyewe.

Kitabu kikapendwa. Kikafika hadi Nansio, wanafunzi wakakiigiza. Watoto wakaanza kumwita Teodora Bibi Makaa, naye akawa anaitika, akidhani ni sifa. Wateja wakaanza kumkwepa. Mtoto wa jirani akaugua akafa, na hapo utani ukaisha. Jumapili moja, Teodora akiwa kanisani, banda lake likachomwa moto. Alikimbia kutoa samaki wake, moshi ukammaliza macho, akapanda meli ya kuja Mwanza na mfuko mmoja.

"Shikamoo, mama mkubwa," Wilhelmina alimwambia bandarini.

"Marahaba, mwanangu. Watu wamenichukia, sijui nimewakosea nini."

Hapo ndipo pa kusema, kama mtu ana la kusema. Wilhelmina akauchukua mfuko, akamwuliza kama amekula.

Nyumbani alikuwapo Winnie, binti yake wa kidato cha pili, aliyekariri kitabu cha mama yake kama sala. Bibi huyu alikuwa hajamwona tangu akiwa mdogo sana. Alimwamkia kutoka mlangoni. Bibi akipika, Winnie ameshiba. Bibi akikaa sebuleni, Winnie ana kazi ya shule. Wilhelmina aliyaona yote hayo akajifanya yuko bize.

Siku ya tatu asubuhi Teodora aliketi barazani na bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa.

"Winnie," aliita, "sogea mwanangu nikuone. Nioshe macho."

Winnie alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Mama," alisema, "anasema maneno yake."

"Maneno ya nani?" Teodora aliuliza.

Mtoto akamtazama mama yake, mama yake akatazama chini. "Ya Bibi Makaa," Winnie akajibu.

Teodora akakiweka kitambaa kando ya bakuli. "Kilete hicho kitabu, unisomee pale anapooshwa macho."

"Ni kirefu, mama mkubwa, utachoka," Wilhelmina alisema.

"Nichoke na nini? Nina kazi gani tena?"

Winnie akasoma, kwa sauti ya darasani, bila kuruka neno. Akasoma pilipili, bibi anavyogaagaa, wasichana wanavyocheka. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akaendelea mpaka banda linapowaka na bibi ndani anaita.

"Pale anapopuliza moto, parudie," Teodora alisema.

Winnie akaparudia.

"Ndivyo ninavyopuliza." Akamgeukia Wilhelmina. "Umeandika vizuri, Mina. Umenipata mzima mzima."

Wilhelmina akapiga magoti pale barazani akalia. Aliomba msamaha, akamtaja Luhaga, akasema hakudhani mambo yangefika huko, na mengi katika hayo yalikuwa kweli. Mwisho akanyoosha mkono kuchukua kitambaa. "Acha nikuoshe, mama mkubwa."

Teodora akakivutia kitambaa kwake. "Wewe hapana. Utapata cha kuandika."

Akainama akajiosha mwenyewe, akilipapasa bakuli, maji mengi yakaishia kwenye kitenge. Alipomaliza alimwomba Winnie amwulizie meli ya kurudi Nansio inaondoka saa ngapi.

"Bibi, watakuua," mtoto alisema.

"Huenda," Teodora alijibu, akikamua kitambaa. "Lakini wale sikuwalea mimi."