Ini la Kitanda cha Saba

Binti alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili vya udaktari, na kabla ya saa sita mchana alitakiwa athibitishe kimoja kwenye simu. Ukishathibitisha, hakuna kubadili. Waliokosa vyote wangeliita hilo tatizo la walioshiba, lakini siku tatu chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Chuo kipya kilikuwa na maabara zinazong'aa na midoli inayopumua na kukohoa. Mgonjwa wa kweli ungemgusa mwaka wa nne. Chuo cha zamani kilikuwa na hospitali iliyochoka, na wanafunzi waliingia wodini mwezi wa kwanza. Wajomba na mashangazi walishatoa maoni, kila mmoja kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu. Mama yake tu ndiye aliyenyamaza, na ndiye aliyejua: huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kama mhudumu wa wodi katika hospitali hiyo hiyo, akipiga deki na kutandika vitanda.

Asubuhi ile akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe. Twende kazini kwangu, ukamwone mzee wa kitanda cha saba. Halafu uchague."

Mzee alikuwa fundi cherehani. Ini lake lilikuwa limevimba hadi karibu na kitovu, na dawa ya kumponya haikuwepo. Wiki mbili nyuma aliomba arudishwe nyumbani akafie kwa wanawe. Madaktari wakubwa wakamwambia avumilie kidogo. Mitihani ya vitendo ya wanafunzi ilikuwa inakaribia, na ini kama lile halipatikani kila siku. Hayo hayakuandikwa kwenye faili lolote, lakini mama aliyajua vizuri, maana ndiye aliyempaka mafuta tumboni palipochubuliwa na vidole vya watu.

Alitaka binti aone, akimbie. Ila walipofika tu mama akaitwa kubadilisha shuka upande wa pili, na mhadhiri mmoja, akiongoza kundi la wanafunzi, akamkuta binti amesimama peke yake kando ya kitanda cha saba.

"Mgeni, unakuja kwetu mwaka huu? Njoo. Weka mkono hapa. Mzee, vuta pumzi."

Mzee akavuta. Chini ya vidole vya binti kitu kigumu kikashuka, chenye ukingo kama wa sahani, kikamgonga kidoleni. Furaha ikampanda mpaka akacheka kwa sauti.

"Nimelipata!"

Wanafunzi wakampigia makofi. Akatoka wodini hadi kwenye korido, akafungua simu, akathibitisha chuo cha zamani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Mama akamkuta dirishani. "Umemwona?"

"Nimelishika, mama! Ukingo wake kabisa! Mdoli gani utakupa kitu kama kile? Nimeshathibitisha."

Mama akaweka ndoo chini. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Ulimwamkia?"

Binti hakuwa amemwamkia. Hata uso wa mzee hakuukumbuka.

"Jana nilimwambia mzee kwamba mwanangu atakuja kumsalimu," mama akasema. "Kabla sijatoka kazini akaniomba nimchane nywele."

Wembe ule ulikuwa umeshakata, ila si mtoto aliyeulilia. Binti alirudi mbio. Kundi jingine lilikuwa limeshafika, limepanga foleni kando ya kitanda. Hakuwa na pa kupita, akasimama nyuma yao. Mmoja baada ya mwingine wakainama, wakabonyeza, wakaandika, wakaondoka.

Zamu yake ilipofika, mzee alikuwa amefumba macho. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimechanwa vizuri, kwa njia ya pembeni. Aliposikia hatua, akapandisha shati mwenyewe.

"Shikamoo, baba," binti akasema.

Mzee alikuwa ameshavuta pumzi, ameibana, anasubiri mkono.