Kilo Sitini na Mbili

Kabla hujawaona, uliwasikia. Sauti kavu ya mzee ilishuka kutoka ghorofa ya tatu: "Moja, mbili, tatu, juu. Moja, mbili, tatu, shuka."

Jirani aliyekuwa akipanda na ndoo alipofika juu aliduwaa. Kijana mmoja, mpaka rangi, alisimama ukingoni mwa ngazi, vidole kwenye saruji, visigino hewani, baba yake mgongoni. Shingoni mwa mzee yalining'inia makopo sita ya rangi, kila moja kilo moja. Jirani aliuliza kama wanahama. Mzee akamjibu kwamba wako hospitali, ila hospitali yenyewe haina vitanda.

Miguu ya mzee iligoma tangu alipopata kiharusi, na jengo halikuwa na lifti. Kwa miaka miwili kijana alimshusha mgongoni kila asubuhi, akamkalisha kwenye benchi la chini na wazee wenzake watatu wasiochoka kubishana, jioni akampandisha. Kisha kano la kisigino cha kijana, ule mshipa mnene nyuma ya kifundo, likavimba. Kila mtu alimwambia apumzike. Akapumzika wiki nane, mzee naye akakaa juu kama kitasa. Kijana alipoinuka, kisigino kilikuwa kibovu kuliko mwanzo.

Hapo dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine katika nyumba isiyo na ngazi, akapitisha hukumu kwa simu: kama mwezi ujao utakwisha baba hajashuka, atakuja kumchukua. Mzee hakula chakula cha usiku siku ile. Benchi lile ndilo lililokuwa maisha yake.

Mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye vidole kama koleo, ndiye aliyemvuruga kijana kabisa. Alimweleza kwamba kano lisilobeba kitu hulegea na kusahau kazi yake. Alibebeshe mzigo mzito, polepole, kisha aliache siku mbili lijijenge, na kila wiki aongeze uzito. Maumivu kidogo avumilie, yakizidi aache.

"Sasa nibebe au nipumzike?"

"Vyote viwili, kaka yangu."

Kijana alitoka kliniki kichwa kikimzunguka. Mzigo wenyewe autoe wapi? Mzee akasema, "Mimi si nipo?" Wakaazima mizani ya jirani: mzee alikuwa na kilo sitini na mbili. Kila wiki wakaongeza kopo.

Wiki ya sita, kijana alirudi kwa mtaalamu kifua mbele. Kopo la sita alilihisi jepesi kama la kwanza, alijua amepona. Mtaalamu akampima, akakunja uso, akapima tena. Nguvu za mguu zilikuwa zimesimama palepale tangu wiki ya kwanza. Alimuuliza kama kweli anaongeza uzito, na kijana akaapa kwa makopo yote sita.

Nyumbani aliazima tena mizani. Akapanda peke yake, akapanda na mzee na makopo, akatoa uzito wake, akitarajia sitini na nane. Sitini na mbili. Akaigeuza mizani, akaipuliza, akapanda upya. Sitini na mbili. Akachukua bisibisi akafungua kopo: limejaa pomoni. Akafungua la pili, nalo limejaa. Alikaa chini katikati ya vifuniko, hajui amshuku nani, mizani, rangi au akili yake mwenyewe.

Mzee alitazama ukuta. Ndipo kijana alipouona mkanda wa mzee: matundu mapya matatu, yametobolewa kwa msumari. Na dirishani paka wa jirani, mnene kama mto, akingojea.

"Baba, chakula changu unampa paka?"

"Miaka thelathini na moja nimepima magunia kiwandani," mzee alisema taratibu. "Sijaona kitu kilichopona kwa kupakiwa. Kila kopo uliloniongezea, nimelitoa mwilini. Nilidhani nakuokoa mguu."

Hasira ilimpanda kijana, ikashuka, ikapanda tena ikiwa imechanganyika na kitu kingine asichokijua jina. Wiki sita zimepotea, Jumamosi muda aliouweka dada unakwisha naye anakuja, na aliyemponza ni huyu aliyejinyima ili asichukuliwe. Alianza kumweleza upya habari ya kano, akajikanyaga katikati, kwa sababu hata yeye haikuwa imemwingia sawasawa.

Simu ikaita. Alikuwa dada, anauliza asafiri na gari la aina gani. Kijana aliishika, akatazama makopo. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua.

"Mwanangu, usije Jumamosi. Mdogo wako hana kosa, nimekosea mimi. Nipe miezi miwili." Akamtazama kijana, akasogeza sahani yake ya chakula karibu, akainua kijiko. "Ukija utanikuta nimekaa chini kwenye benchi. Na nitakuwa mzito, nakuahidi."