Yuko Kwao, Anapumzika

Kama kulikuwa na mtu aliyestahili kuchekwa mwaka ule, ni Fundi, na wa kwanza kumcheka alikuwa yeye mwenyewe. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, fundi cherehani anayeheshimika, mwenye tepu shingoni na tumbo linalomtangulia kila anakokwenda, alisimama kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi huku amekodolea macho makalio ya mwanamume mwenzake.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasoma mshono.

Bwana yule alikuwa ameinama kuokota misumari iliyomwagika, na suruali yake ikaonyesha kiraka cha kijivu chenye mishono mitatu sambamba, wa katikati wa uzi mwekundu. Hakuna fundi mwingine aliyeshona hivyo. Wenye akili hawatii uzi mwekundu kwenye kitu kinachotakiwa kisionekane. Fundi alianza kuutia zamani, kwa majivuno tu, ili aitambue kazi yake popote atakapoikuta. Na kiraka kile alikikumbuka vizuri. Suruali hiyo alikuwa ameletewa na mkewe.

Mkewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Siku tano za wiki alizunguka mitaani akifunua vifuniko na kuandika tarakimu. Jumamosi alfajiri alitoka na baiskeli yake ya matairi mapana, akarudi saa tano na vumbi hadi kwenye kope. "Nilikuwa na wenzangu," alikuwa akisema. Kila Jumamosi alimwambia mumewe, "Twende basi, ukauone mji kutoka juu," na kila Jumamosi Fundi, akiwa bado kitandani, alijibu, "Wiki ijayo." Alijibu hivyo kwa miaka sita. Jumatatu mke alimletea suruali zilizochanika magotini na makalioni. "Za wenzangu." Fundi akadhani ni wenzake wa kazini, akazishona kwa huruma, maana kwa jinsi alivyoziona, watumishi wa idara ya maji walifanya kazi yao yote kwa kutambaa.

Kisha mkewe akaenda kwao likizo ya wiki mbili kumwona mama yake. Akashikwa na homa, na siku ya nne hakuamka. Wakamzika hukohuko. Fundi alirudi mjini na binti yao, na begi la marehemu ambalo nusu ya nguo zake zilikuwa hazijavaliwa.

Haikupita wiki, watu wote wakawa wamebadilisha namna ya kumtaja. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa mchapakazi. Alikuwa hana makuu. Na wakishasema hivyo walikuwa wamemaliza, wakabaki kuangalia sakafu. Hakuna aliyemwambia Fundi jambo asilolijua. Ndipo alipotamani kuwapata wale wenzake wa Jumamosi, na njia waliyopita. Huko juu kulikuwa na nusu nzima ya mkewe ambayo yeye, kwa uvivu wake, hakuwahi kuiona.

Alianzia idara ya maji.

"Baiskeli? Mlimani?" karani wa dirishani alimwangalia kama aliyeulizwa habari za ndege za kivita. "Mzee wangu, sisi Jumamosi tunalala."

Akaamua kuitafuta njia mwenyewe. Wiki ya kwanza alifuata kijia kilichopanda nyuma ya nyumba za mwisho, kikamfikisha kwenye banda la kuku. Wiki ya pili alifuata kijia kingine kabisa, kikamfikisha kwenye banda lilelile, safari hii kutokea nyuma. Mwenye kuku akamuuliza kwa upole kama ana shida ya mayai.

Basi ndiyo maana siku ile dukani alijikaza kisabuni, akamgusa yule bwana begani.

"Samahani, kaka. Hiyo suruali umeitoa wapi?"

"Hii?" Bwana akainuka na misumari yake. Mikono ilikuwa na madoa ya moto hadi kwenye kiwiko. "Nimeitoa kabatini kwangu. Kwani ni yako?"

"Suruali si yangu. Kiraka ndicho changu."

Foleni yote ikageuka. Mama mmoja akasogeza mkoba wake upande wa pili.

"Ngoja," akasema yule bwana taratibu. "Uzi mwekundu. Wewe ndiye Fundi! Mume wa Mita!"

"Mume wa nani?"

"Mita! Si anasoma mita? Sisi tunamwita Mita. Mimi Cheche, mchomeleaji. Wewe unayajua makalio yangu kuliko mke wangu, shemeji!" Akamkumbatia, misumari na vyote. "Sasa hebu niambie, Mita yuko wapi? Alituaga wiki mbili, huu mwezi wa tatu. Simu haipatikani. Ametuchoka? Maana yule mkeo ana kiburi! Akianza kushuka hamngoji mtu, anashuka kama anafukuzwa na nyuki!"

Ana kiburi. Hamngoji mtu. Anashuka. Fundi alisimama pale na kopo lake la mafuta ya cherehani. Kwa miezi mitatu hakuna aliyemtaja mkewe hivyo, kama mtu anayeweza kuingia mlangoni sasa hivi na kuuliza nani amemaliza sabuni.

"Yuko kwao," akasema. "Anapumzika."

Hapohapo akaanza kujitetea moyoni. Si uongo mkubwa. Ukweli ni kwamba amepumzika. Yeye amebadilisha silabi moja tu, na kwa fundi, kupunguza hapa na kuongeza pale ndiyo kazi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye tangi la maji la juu, alikoelekezwa na Cheche, na baiskeli ya mkewe, amevaa suruali ya suti ya zamani, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na nafasi. Akaonyeshwa wenzake wawili waliobaki: Mwalimu, mama wa hesabu mwenye sauti ya kutuliza madarasa matatu kwa pamoja, na Kinyozi, kijana mrefu asiye na unywele hata mmoja kichwani. Njia yenyewe ilifuata bomba kuu. Ilizunguka mlima, ikakata kichaka, ikashuka kwenye mawe hadi mtaa wa bondeni. Mita ndiye aliyeivumbua, wakamwambia, alipokuwa akifuata bomba kutafuta mahali linapovuja. Fundi akajiona mjinga. Lile banda la kuku lilikuwa hatua mia moja kutoka pale.

"Shemeji, shusha kiti," akasema Mwalimu. "Miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba."

Mkewe alimzidi urefu wa mguu kwa inchi nne. Alimpima mwenyewe, miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kulizungumza nje ya nyumba.

"Kiti ni chake," Fundi akajibu. "Akikikuta kimeshuka atanigombeza."

"Hapo umesema kweli," Cheche akacheka. "Yule anagombeza hata mawe."

Fundi alianguka mara tatu kabla njia haijaanza. Mara ya kwanza alianguka akiwa amesimama. Mara ya pili alishika breki ya mbele peke yake, akaruka juu ya usukani, akajikuta amekaa mbele ya baiskeli akiitazama kama wanaotaka kuzungumza. Mara ya tatu hataki hata kuikumbuka, ila kulikuwa na miiba. Sehemu iliyobaki aliishuka kwa miguu, baiskeli ikimvuta kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Lakini kila walipopumzika, walimsema Mita. Kwamba anaimba akipanda, na anaimba vibaya. Kwamba maji yake hampi mtu, ila ya wenzake anakunywa. Kwamba akitembea na kofia ngumu kichwani anafanana na mbuni. Fundi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akauliza, "Na nini tena?" Wakamwambia.

Akarudi wiki ya pili, ya tatu na ya nne. Hakuwa hodari zaidi, alikuwa na viraka zaidi. Nyumbani binti yake, muuza simu mwenye ulimi mkali, alimpaka spiriti magotini.

"Baba, na tumbo hilo? Mlima umekukosea nini?"

"Tumbo linasaidia. Linanipa uzito wa kushuka."

"Wanasemaje kuhusu Mama?"

Fundi akaanza kusimulia. Mama yako anaimba vibaya. Mama yako anawanywea wenzake maji. Alikuwa amefika kwenye mbuni alipoona pamba imesimama juu ya goti lake.

"Anaimba," binti akasema. "Baba, umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

Jibu lililomjia mdomoni lilikuwa "wiki ijayo". Akalimeza.

Wiki ya tano hawakushika njia ya kila siku. Cheche aliwaongoza kulia kwa tangi, wakafika mahali ambapo mlima ulikatika ghafla, na chini yake kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, mrefu, umenyooka kama umepigwa rula. Nyasi changa zilikuwa zimeanza kuufunika.

"Huu ni wa Mita," Kinyozi akamweleza. "Aliuona kabla hajaenda likizo, watu wa idara walipokuwa wanalaza bomba jipya. Sheria yetu ni kwamba aliyevumbua ndiye anayeshuka wa kwanza. Hakuna aliyeugusa."

"Tumemwekea miezi minne," Cheche akasema, akitoa simu mfukoni. "Mvua zikianza, hapa pamekwisha. Shemeji, nipe namba ya mtu yeyote wa huko kwao. Mama yake, kaka yake, yeyote mwenye mtandao. Namwambia leo hii, ama aje Jumamosi, ama naanza mimi na nitampigia kelele nikiwa chini."

Kidole kilikuwa tayari. Fundi, kwa aibu yake yote, alifikiria kwanza kumpa namba ya duka la vitambaa. Kisha akatazama zile nyasi changa, ambazo watu watatu walikuwa wamezikwepa kwa ajili ya mtu ambaye hatakuja.

"Weka simu, Cheche. Mita amepumzika."

"Si ulishatuambia?"

"Niliwaambia anapumzika." Akashusha pumzi. "Amepumzika. Kabla sijakukuta dukani. Tumemzika kwao."

Mwalimu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akakaa chini, palepale penye mawe. Kinyozi akavua kofia yake. Cheche alibaki ameshika simu hewani hadi kioo kikazimika chenyewe.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano unakaa na sisi, tunamngoja, tunacheka, na wewe unajua!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Cheche akapanda baiskeli, akageuka, akashuka kwa njia ya zamani bila kuangalia nyuma.

"Pole, shemeji," akasema Mwalimu. "Alikuwa..." Akatazama chini.

Haya, imekwisha, Fundi akawaza. Imeanza ile ya sakafu, na huku hakuna hata sakafu. Akainua baiskeli, akaanza kuikokota kuelekea tangi. Moyoni alikuwa akijitukana, mzee mzima aliyedanganya watu ili wamsengenye mke wake, na hata hilo ameshindwa kulifanya vizuri.

Hakufika mbali. Kwenye kona alimkuta Cheche akipanda, anasukuma baiskeli, anahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Nimefika kwenye lile jiwe," Cheche akasema kabla pumzi haijamrudia, "nikakumbuka nilimwita mbuni. Nimemwita marehemu mbuni! Na wewe mumewe ukacheka!"

"Nilicheka kwa sababu ni kweli. Hata harusini alitembea hivyo."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Kasirika, ni haki yako." Fundi akalaza baiskeli chini. "Nyumbani wote wanamsifu, Cheche. Tangu azikwe, wanamsifu tu. Ninyi ndio pekee mliokuwa mnamsema. Niliogopa nikiwaambia, na ninyi mtaanza kumsifu."

Cheche akafuta uso kwa kiganja, akaacha mchirizi mweusi shavuni, na wote wawili wakarudi kwa wenzao. Wakakaa juu ya ule mteremko. Chini mji ulikuwa umeamka, mabati yanameta, na Fundi akaona kwa mara ya kwanza kwamba paa la nyumba yake lilionekana kutoka pale.

"Hujaambiwa habari ya ng'ombe," Cheche akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Cheche, si leo," Mwalimu akamkanya.

"Leo," akasema Fundi. "Tafadhali."

"Haya. Tulikuwa tunashuka. Mita alikuwa mbele, kama kawaida yake, breki kazisahau nyumbani. Pale kwenye kona, ng'ombe amelala katikati ya njia. Mkubwa, jamani, kama kontena. Sisi nyuma tunapiga kelele, simama, simama! Asimame wapi? Unajua alifanya nini? Akapaza sauti, 'Idara ya maji!' Hivyohivyo, kama anabisha hodi getini! Na yule ng'ombe akainuka, akampisha!"

Mwalimu aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Walikuwa wawili," akasema Kinyozi.

"Mmoja!"

"Wawili, bwana. Mmoja njiani, mmoja kando ya kichaka. Nilikuwa nyuma yake, niliona."

"Ulikuwa umefumba macho, utaonaje? Mwalimu, ng'ombe wangapi?"

"Mimi nilikuwa shimoni wakati huo," Mwalimu akasema, akijifuta machozi. "Ila nilisikia kwato nyingi."

"Kwato nne ni nyingi!"

"Walikuwa wawili," akasema Fundi, ambaye asubuhi ile alikuwa nyumbani, amelala.