Jogoo wa Mkwe

...na tetea huyu naye uso umemvimba upande mmoja, jicho limejifunga, pua inatoa ute unaonuka, Fidélie akamrudisha chini kwenye maranda akamkamata mweupe, huyu mzima, au anaonekana mzima, lakini si anakunywa maji sufuria moja na wenzake... «Yaya, uko unafanya nini mule? Camion ya Kasaji itaniacha!»... Simone huyo, mdogo wake, yuko nje ya mlango wa bati na kikapu chake, ana haraka ya lori, amefuata matetea aliyoahidiwa, na aliyeahidi ni Fidélie mwenyewe, kwenye matanga ya mume wa Simone, mbele ya watu wote, nitakupa matetea uwachanganye na wako, mayai yatasomesha watoto, maneno matamu hayo, na leo banda zima linapiga chafya, yote kwa sababu ya jogoo wa mkwe, Tata Benoît alipotoka Mutshatsha akamleta zawadi, mwekundu, mrefu, anakoroma kidogo, «ni vumbi ya njia tu, mama, itaisha», na nani angethubutu kumfunga jogoo wa mkwe peke yake nyuma ya choo kama mwizi, mkwe mwenyewe amekaa pale anatazama, heshima ikamwingiza moja kwa moja kati ya matetea, na vumbi hapa Kolwezi lipo kweli, malori ya madini hayalali, basi ukaamini, Fidélie, ukaziba madirisha kwa magunia ukawafungia humo na ugonjwa wao, ukafungua kapsuli za tetrasiklini za watu ukamwaga kwenye maji, wakachangamka, ukamshukuru Mungu kanisani, kikohozi kikarudi, na veterinari akasema hata kuku aliyepona anaweza kubaki na ugonjwa, akaambukiza wengine... Tata Benoît hakumaliza hata sahani yake ya bukari siku ile, aliaga mbiombio... alijua! Mzee mnafiki, alijua, akaniletea kifo na tabasamu juu, na wewe je, Fidélie, umejifungia humu unamtafutia mdogo wako kuku anayekohoa kidogo tu, Kasaji kuna hewa safi, watapona kule, si ndivyo unavyojidanganya tangu asubuhi... «Yaya, niingie nikusaidie kubachagula matetea?»... usiingie, jamani, usikanyage humu, kuku wa Simone ni wazima, ndiyo mali yote aliyobakiwa nayo, lakini ukisema, atauliza mbona hukunitumia habari, atalia pale nje kwa sauti yake ile kubwa, majirani watasikia, yai lako nani atalinunua tena... akamwachia yule mweupe, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaona aibu mpaka machozi, humu hewa ni nzito, kifua kinambana yeye pia, afadhali Simone arudi mikono mitupu, akinitukana njia nzima, kuliko awashushe hawa kati ya wale wake na kunishukuru, itabidi aambiwe, na yaambiwe yote, kwa maneno gani sasa... mlango unagongwa bado, na Fidélie, mgongo kwenye bati, anaanza: «Simone, usiingie, ngoja nikuambie...»